Muthama wa Nyuma ya Pazia

Mume wangu Muthama alifanya kazi ya maigizo miaka thelathini na moja na hakuna siku alipigiwa makofi. Kazi yenyewe ilikuwa hii: anakaa kwa kiti nyuma ya pazia, kitabu kwa mapaja, mchezaji akisahau maneno anamnong'onezea. Sauti yake ilifika kwa mchezaji ikaishia hapo. Mimi nilikuwa nakaa mstari wa kwanza na sikuisikia, na masikio yangu hayana shida hata leo.

Zamani ukumbi wetu ulijaa. Watu walitoka soko la Gikomba na mizigo yao wakaingia. Baadaye kila nyumba ikawa na televisheni, halafu kila mkono ukawa na simu, na waliobaki kutuona ni watoto wa shule. Hao huletwa asubuhi na mwalimu kuona kile kitabu cha mtihani kikichezwa, kila mmoja na kitabu chake mkononi. Kikundi chetu kilikula hapo tu.

Mwaka jana kitabu kikabadilishwa. Eve, msichana anayesimamia kikundi siku hizi, akasema mchezo mpya bila mtu wa televisheni hautauzika. Akamleta Ayanle, yule anayecheza daktari jioni, ambaye hata mimi nilimjua uso. Kijana mzuri, ana heshima. Siku ya kwanza alienda moja kwa moja nyuma ya pazia.

"Mzee wangu, kule kwetu nasema maneno matatu, kamera inasimama. Nikikosea tunarudia. Hapa nikikosea?"

"Hapa ukikosea uko na mimi," Muthama akamwambia.

Sasa Ayanle hakujua kitu kimoja. Muthama alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yote mawili, akabaki anaona mwanga na vivuli. Michezo ya zamani aliijua yote kwa kichwa, kwa hivyo alishika kitabu tu kama mtu anayeshika kofia. Lakini huu ulikuwa mpya. Eve angejua, kile kiti angepewa mtu mwingine, na Muthama bila kile kiti ni mzee wa kukaa ukutani akiota jua.

"Mama Mwanzia," akaniambia, "utanisomea."

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, nikatolewa nichunge mbuzi. Lakini sikuwahi kukiri mbele ya mtu kwamba kuna jambo silijui, na sikutaka kuanzia kwa bwana wangu. Nikasema lete. Kila siku baada ya chakula cha mchana tulikaa mlangoni, kidole changu chini ya herufi. Maneno mafupi nilisoma. Mwandishi huyo alipenda maneno marefu kama gari la moshi, na nikifika hapo nilikwama, nikaangalia mbali kidogo, nikatia yangu. Mambo yenyewe si nilikuwa nayaelewa? Baba anagombana na mtoto. Mimi nimelea sita.

Muthama alisikiliza amefumba macho. Wiki tatu akawa ameyashika yote.

Siku ya kwanza shule tatu zilikuja. Ayanle alipotokea, watoto walipiga nduru mpaka nikaziba masikio. Alienda vizuri nusu ya kwanza. Halafu akafika pale baba anamfukuza mwanawe, akanyamaza. Nikaona shingo yake ikigeuka kidogo upande wa pazia. Kisha akasema, kwa sauti kubwa:

"Toka! Hata siku ya kunizika usikuje kunirushia mchanga!"

Nikajua ni yangu.

"Hiyo haiko kwa kitabu!" mtoto mmoja akapiga kelele.

"Daktari, rudi page sitini na mbili!"

"Ameanza kuandika dawa zake!"

Ukumbi mzima ukacheka. Ayanle akageuza shingo tena, akapewa mengine, na hayo pia yalikuwa yangu. Mwalimu mmoja akasimama akasema watoto wake wana mtihani, hakuwaleta wafundishwe uongo.

Watoto walipotoka, Eve akaja nyuma. Mimi nilikuwa hapo nakunja nguo za kuchezea.

"Mzee, hebu nisomee huo mstari."

Muthama akafungua kitabu. Akapeleka kidole kwa karatasi pole pole, kushoto kwenda kulia, akasema maneno yangu bila kukosea hata moja. Kidole chake kilikuwa kwa picha.

Eve akakichukua kile kitabu akakifunga.

"Mzee Muthama. Ungeniambia."

"Mimi ndiye nilisahau," Ayanle akasema. "Usimlaumu."

"Wewe walikuja kukuona. Yeye nani alikuja kumwona?"

Nilikuwa na kanzu mkononi. Ningesema ni mimi. Lakini ningesema nini, kwamba sijui kusoma, mbele ya vijana waliosoma chuo? Nikakunja kanzu.

Tulitembea mpaka nyumbani. Mlangoni nikamwuliza kama alijua.

"Tangu siku ya pili," akasema. "Mtu aliyesoma haandiki vile."

"Na ukanyamaza?"

"Mama Mwanzia, ningesomewa na nani mwingine?"

Miezi miwili hakuitwa tena ukumbini, hakuenda mahali. Alikaa ukutani. Mimi nilikuwa nalala na jambo hilo, naamka nalo, mpaka Jumatatu moja nikajifunga leso, nikaenda ukumbini kumwambia Eve kwamba mzee hakukosea, aliyekosea ni mimi, na mzee akitafutiwa msomaji mzuri bado yeye ni bora kuliko wote.

Nikakuta viti vya plastiki na watu wa kanisa wanafunga spika. Mlinzi akaniambia Ayanle alirudi televisheni baada ya wiki tatu. Bila yeye shule zikaacha kulipia. Eve aliuza mapazia.

Nilirudi nikamweleza Muthama yote, hata kilichonipeleka huko.

"Kwa hivyo hakuna mtu aliketishwa kwa kiti changu?"

"Hakuna. Nilimwuliza mlinzi."

"Haya," akasema. "Hebu niletee chai."