Sindano Inayomngoja Mjomba

Saa tatu asubuhi, katika kijiji kimoja mlimani juu ya Morogoro, Kibwana Rehani anaifuta sindano yake kwa spiriti, anaitazama kwa heshima zote, kisha anairudisha mkebeni. Watoto thelathini na wanne wamepangwa mstari. Hajachomwa hata mmoja.

Daktari wa Kijerumani anataka tone la damu la kila mtoto, alipake kwenye kioo, aitafute malaria kwa darubini. Baba zao wamekubali mbele ya jumbe. Kuchoma ni kazi ya Kibwana. Miaka minne sasa amepanda Uluguru na sanduku la vioo kichwani, na amevunja viwili tu. Kimoja, anasisitiza, alikivunja mbuzi.

"Choma!" anaamuru daktari.

"Bado, Bwana Mkubwa. Umewauliza baba."

"Ulitaka nimuulize nani? Mbuzi?"

"Wajomba. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Kumtolea ruhusa ni kazi ya mjomba."

Akina baba wanaangalia chini, kama watu waliofumaniwa wakiuza shamba la jirani. Walikubali kwa sababu askari alikuja na kiboko.

Kiboko hicho sasa kinainuliwa. Kibwana anavua kanzu, anaikunja taratibu, pembe kwa pembe.

"Viboko hamsa ishirini nipige mimi. Mgongo ni wangu, hauna haja ya ruhusa ya mjomba. Damu hii si yangu."

"Mguse uone!" anafoka Mwaisha, mama wa wawili kati ya watoto hao. "Hivyo vioo vyenu mtavijaza maji ya mto!"

Wanawake wanaangua kicheko. Daktari anavitazama vioo vyake vitupu, anamwashiria askari ashushe mkono.

"Nenda kawalete hao wajomba."

Ni mwendo wa saa nne kupanda. Wa kwanza kufikiwa ni Salum, kaka yake Mwaisha, anayepalilia maharage.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," anaitika Salum, na kuisikiliza habari yote ya damu na malaria. "Mkiikuta hiyo homa kwa wanangu, mtawapa nini?"

Daktari aliahidi kuwahesabu tu, dawa hakuitaja.

"Basi rudi ukamuulize," anasema Salum, na jembe linaendelea.

Kibwana anageuka kushuka, bila mjomba hata mmoja.

"Nitamwambia daktari dawa ya kwinini ipande kwanza, ndipo damu ishuke," anasema. "Akikataa, kanzu naivua tena."