Ufa Nilioupaka Rangi

Dada yangu ni fundi cherehani, mjane. Nyumba yake ameijenga kwa kushona nguo za watu, chumba baada ya chumba. Mwaka huu aliamua kuiuza ahamie karibu na binti yake, maana magoti yamegoma kupanda kilima.

Mimi ni mpaka rangi. Sina maneno mengi. Dada huniita Bubu.

Mnunuzi alikuwa muuguzi, mwanamke mpole. Alikuja na fundi mwashi, mzee mmoja ambaye rangi yangu hata hakuitazama. Aligonga ukuta kwa mpini wa nyundo huku akisikiliza, mpaka alipofika juu ya dirisha la sebule. Pale mlio ukawa kama wa debe tupu. Akakwangua kwa mwiko. Rangi ikadondoka, jasi nayo ikadondoka, kisha kidole chake kikazama ukutani.

"Ufa huu ni wa lini?"

"Ufa gani, mzee wangu?" dada akacheka. "Nyumba hii haijui ufa. Muulize huyu mdogo wangu, ndiye anayeipaka. Ukibahatika atakujibu."

Nilikuwa nimeukuta miaka mitatu nyuma, mwembamba kama uzi, nikauziba nisimtie dada hofu. Mwaka uliofuata ncha ya kisu iliweza kuingia humo, nikauziba tena. Mwezi uliopita, dada alipotaka nyumba ipendeze machoni pa wanunuzi, ulimeza makopo mawili ya jasi.

"Nina sababu ya kuuliza," mwashi alisema. "Kama ni wa zamani na umetulia, tutaushona taratibu. Kama unakua, boriti inashuka, na hapa hakai mtu."

"Haya, ijadilini. Mimi nina sketi ya mtu," dada akasema, akakaa kwenye cherehani yake, palepale chini ya dirisha, akaanza kukanyaga.

Chembe za mchanga zikamwagika juu ya kitambaa. Dada akazipangusa kwa kiganja, akaendelea kushona.

"Unakua," nikasema.

"Unasemaje?"

"Unakua, mzee. Nimeuziba mara tatu."

Mwashi hakungoja. Alimshika dada mkono. "Mama, toka! Cherehani iache!"

Tulisimama wote barabarani. Mwashi alikimbilia nguzo za kuegemeza boriti. Muuguzi alisema ile habari ya kununua tuiache kwanza, akabaki amemshika dada bega.

Dada hakunitukana. Laiti angenitukana. Alichomoa pini midomoni, moja moja, akaniangalia.

"Na chumbani kwangu?" akauliza kwa sauti ndogo. "Pale juu ya kitanda, uliziba nyufa ngapi?"

Nilinyoosha vidole viwili.