Chemli ya Kivuko cha Ruvu

Wiki hii nilipanga foleni katika ofisi moja Kibaha, nyuma ya bibi aliyekumbatia kioo cha chemli kilichofungwa kwenye kanga. Alitaka mnara wa taa aliouhudumia baba yake, kwenye kivuko cha mto Ruvu, uingizwe katika kitabu cha historia ya wilaya kabla hakijachapwa.

"Mnara wenyewe ulikuwaje?" aliuliza karani, kijana aliyekabwa na tai.

"Miti minne na ngazi. Juu, chemli. Kila aliyevuka alimimina mafuta ya taa kizibo kimoja, ya kumwakia anayekuja nyuma."

"Bibi, hilo ni dungu la kulindia ndege. Mnara una vigezo vya kitaalamu."

Nimesoma chuo kikuu. Najua vigezo vya kitaalamu hutajwa na asiyevijua. Bibi alimsogelea karani.

"Mjukuu wangu, kwenu wapi?"

"Baba ni wa Mlandizi. Mama alitoka ng'ambo ya mto."

"Akienda kumchumbia, alivuka na nini?"

"Mtumbwi. Husimulia mpaka tunachoka."

"Anatoka shamba jioni, anarudi giza limeingia. Kivuko alikionaje? Kwa macho ya paka?"

Foleni ikacheka. Karani alilegeza tai, akavuta karatasi.

"Mnara," aliandika huku akisoma kwa sauti, "wa miti minne."

"Na ngazi," alisema bibi.

Minara ya mawe nimeisoma mingi vitabuni. Sijasikia hata mmoja uliompatia karani mama yake.