Mbwa Aliyetazama Juu

Mbwa aliyenyeshewa mvua ana harufu yake, na wewe uliyewahi kufuga unaijua. Wiki iliyopita mvua ilishuka ghafla hapa Same mjini, na mbwa mmoja asiye na mwenyewe akajibanza mlangoni pa duka langu la vitambaa. Wateja walishika pua. Mimi nilisimama na mkasi mkononi, nikaivuta ile harufu mpaka kifuani, na macho yakaanza kuniwasha. Msinicheke. Ngoja niwaeleze.

Kwetu ni mlimani, juu ya Ndungu, mahali ambapo mahindi huonjwa kwanza na nyani, kisha ndipo mwenye shamba. Likizo za shule hatukuzijua kama za kupumzika. Tulishinda juu ya dungu, kile kitanda cha fito kilichoinuliwa katikati ya shamba, tukipiga debe na kupayuka mpaka sauti zikauke. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi, na mbwa wetu mzee alikuwa amekufa. Nyani walijua msiba huo kabla ya majirani. Baba akasema tutatafuta mwingine, na kwa kuwa mimi ndiye nitakayekaa naye shambani, nitamchagua mwenyewe. Ila mmoja tu, maana makande yaliyobaki kwetu hayakuwahi kutosha mbwa wawili.

Nilikuwa nimeshachagua zamani. Hapa Same kulikuwa na askari mmoja mstaafu aliyezalisha jamani shefadi, mbwa wa kizungu wenye masikio yanayosimama, kila mmoja na kadi yake ya chanjo kama mtoto wa kliniki. Baba alimpigia simu akaweka oda. Shuleni nilitangaza darasa kwa darasa. Nilisema nyani akimwona tu mbwa wetu atahama wilaya. Nikatafuta boksi la sabuni la kumbebea, nikalitandika kipande cha kanga ya mama, nikalala nalo kitandani wiki nzima.

Siku ya safari tuliteremka asubuhi na mapema mpaka Ndungu, tukapita kunywa chai kwa Shangazi Nakunda, dada yake baba. Shangazi alilima mpunga, na watu walimjua kwa jambo moja: mbwa waliotupwa pale kwenye mashine ya kukoboa aliwaokota yeye. Aliwaosha, akawatibu vidonda, akawatafutia watu wa kuwachukua. Siku ile alikuwa amebakiwa na mmoja, jike la rangi ya vumbi, sikio moja nusu, mguu wa nyuma unachechemea. Jina lake Watachoka. Kwetu mbwa wengi hupewa majina ya kuwasikilizisha majirani, na hilo lilikuwa jibu la Shangazi kwa waliomcheka kwamba amekosa watu wa kulea. Kila jioni alimwita kwa sauti ya kwaya, mtaa mzima usikie.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Na hilo boksi?"

Nikamweleza yote, masikio, kadi na nyani watakavyohama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kila mahali nilipotaka acheke. Kisha akamwambia baba, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba madaktari wameona uvimbe tumboni mwake. Mwanawe anakuja Jumamosi kumpeleka Dar akafanyiwe upasuaji, na hajui atarudi lini. Watachoka alikuwa amekataliwa na nyumba tatu kwa sababu ya ule mguu.

"Nikiondoka atarudi kulekule mashineni," alisema. "Sijui nani atamwekea hata maji."

Baba alinitazama. "Binti yangu, wa kuchagua ni wewe. Sema."

Nilimtazama Watachoka. Alikuwa ameketi ametupa mgongo, anaangalia angani kana kwamba sisi hatupo. Nikasema nataka wa Same. Shangazi akaniongezea sukari kwenye chai, akasema, "Sawa, mwanangu. Na yule naye ni mtoto, anataka kulelewa." Hakununa hata kidogo, na hilo ndilo lililonikosesha raha njia nzima.

Pale Same yule mstaafu alitufungulia banda la wavu. Sitawadanganya, nilimpenda yule mtoto wa mbwa tangu aliponiegemea shingoni. Alinuka maziwa. Nyayo zake zilikuwa laini kama mandazi ya moto, na alilala mikononi mwangu hata kabla sijamkalisha vizuri. Mzee akaanza masharti: maziwa yachemshwe, nyama asikose, na makande asionjeshwe kabisa, yatamharibia tumbo. Baba akakohoa.

Nikamuuliza yule mzee, "Nisipomchukua mimi, mtamtupa?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Nimtupe? Kuna watu wanne wananipigia simu kila siku. Ukimwacha hapa saa hizi, kabla ya jioni ana kwao."

Alikuwa anasifia biashara yake tu, maskini, lakini maneno yale yalinichoma. Huyu ana watu wanne, nikawaza, na yule kule hana hata mmoja. Nilimrudisha bandani. Ningependa kusema kwamba roho yangu ilikuwa nyeupe. Haikuwa. Nililia kwa hasira kutoka Same mpaka Kisiwani, nikimlaumu mzee kwa kunijibu, Shangazi kwa kuugua, na baba kwa kuniachia mimi uamuzi. Baba alilibeba lile boksi tupu magotini, wala hakuniambia nyamaza.

Tulimkuta Shangazi anapepeta mchele. "Hamkumpata?"

"Tumemfuata huyu," alisema baba.

Shangazi aliweka ungo chini, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Mimi nilidhani anatafuta kamba. Alitoka uso umeoshwa, na kamba hakuwa nayo.

Sasa sikieni vituko. Siku ya kwanza dunguni nyani walikuja, kundi zima, na Watachoka akabweka kwa nguvu zake zote, akiwa ameelekeza pua mbinguni. Kunguru wawili walikuwa wanapita. Nyani walivunja mahindi taratibu, wengine wakakaa chini kabisa kumtazama. Hapo ndipo tulipoelewa: mbwa huyu alikulia kwenye mpunga, ambako mwizi huja kwa mabawa. Maisha yake yote alifunzwa kulinda juu. Kijiji kilipata cha kuzungumza, na wenzangu wa shule wakaniuliza kama nyani wameshahama wilaya.

Basi nikamfundisha. Nilitambaa kwa mikono na magoti katikati ya mahindi, nikavunja mabua, nikabweka kinyani, mpaka mama akaanza kuniombea. Ilichukua likizo nzima. Siku alipomtimua dume la kwanza, akiruka kwa miguu mitatu na nusu, nilishuka dunguni nikamkumbatia akiwa ametota mvua. Tangu siku hiyo alilalia miguu yangu, na habari za masikio yanayosimama nikazisahau.

Tulishavuna mara mbili Shangazi aliporudi kutoka Dar, amepona, amekonda. Alipanda kwetu kutusalimia. Watachoka aliisikia sauti yake tangu bondeni, akatoka mbio, akaanguka, akainuka, akamfikia akilia kama mtu. Mimi nilikimbilia nyuma ya jiko nikajificha. Nilijua amemfuata mbwa wake, na nilijua ni haki yake. Siku mbili nilishinda hukohuko, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Siku ya tatu asubuhi Shangazi alichukua mfuko wake, akaniita. "Mfunge vizuri, mwanangu, asinifuate."

Nilikimbia kuleta kamba. Nikafunga mafundo mawili, nikaongeza la tatu. Watachoka alivuta akalia, na Shangazi akateremka ile njia bila kugeuka hata mara moja. Nikamwambia mama, "Shangazi amemsahau mara hii." Mama akanitolea jicho.

Shangazi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakufuga tena. Nilipomuuliza alisema miguu imechoka. Lakini kila alipopiga simu, baada ya salamu, aliuliza, "Mwenzangu anakula?"

Kwa miaka nilijivunia kimoyomoyo kwamba nilimwacha mbwa niliyempenda kwa ajili ya asiye na mtu. Mpaka nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoiona ile asubuhi sawasawa. Shangazi alikuwa amepanda mlima mzima na kovu la upasuaji ili amchukue mbwa wake, akamwona mtoto amejificha nyuma ya jiko, akaenda zake mikono mitupu. Na kamba niliifunga mimi, nikicheka.