Wakati Nilikuwa Sol ya Piano

Siku ya posho, Jumamosi yetu, kesho yake ikiwa Jumapili ya Matawi, saa kumi ya jioni. Njo pale ilianza. Nilikuwa nimeshuka treni ya kutoka Bukama, kifurushi cha samaki wa kukauka kichwani, naelekea kwa nkambo, mama wa mama yangu, anayebaki hapa Kamina. Njia fupi inapita nyuma ya shule yangu ya zamani. Nikasikia piano. Nikasimama, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Ngoja nikueleze, sababu kama hukusoma pale utaniona mjinga.

Shule yetu ni ya serikali, lakini mji mzima unaijua kwa muziki na sanaa. Asubuhi ulisikia trompeti upande mmoja, upande mwingine ngoma zimeanikwa juani ngozi zikaze. Harufu ya rangi ilichanganyika na ya mikate ambayo mama mmoja aliikaanga langoni, na sisi tuliingia darasani vidole vinang'aa mafuta, prof wa kuchora anapiga kelele: "Weye! Ile karatasi haiko kitambaa!"

Piano ilikuwa moja tu, ya zamani sana. Miguu yake ilisimama ndani ya makopo ya petroli, na kila posho sisi wadogo tuliyajaza upya ili mchwa wasipande. Lakini mchwa walikuwa wameshapanda zamani, wakala sol, ile noti ya katikati. Ukiibonyeza ilisema tok, mbao tupu.

Pengine kwingine wangeiacha. Prof wetu wa muziki alikuwa na desturi yake: kila mwaka alichagua mtoto mmoja akae nyuma ya piano, aimbe ile sol. Wimbo ukifika pale, tok, na juu ya tok sauti ya mtoto. Hakuna aliyeona ni kichekesho. Huyo mtoto hata jina lake lilisahaulika. "Sol, kuya kula!" wenzake walimwita.

Nilipoingia mwaka wa kwanza nilikuwa na haya, nikiitwa tu natazama viatu. Prof alitupima mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika, sauti ilitoka kama ya mbu, darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Weye utakaa nyuma ya piano," akasema. "Kule hakuna muntu atakuona. Lakini minyi nitakungojea."

Sijapewa tena mahali pazuri kama pale. Nilikaa juu ya beseni lililopinduliwa, shavu karibu na mbao, nikisikia zile nyundo ndogo za ndani zikija, zikija, mpaka kwangu. Wimbo mzima sikuuimba hata siku moja. Nilijua tu umefika wapi njiani. Darasani nilikuwa yule asiyeinua mkono. Pale nilikuwa nangojewa.

Sikukuu ya mwisho wa mwaka nkambo alikuja na kitambaa kipya kichwani, akakaa mbele kabisa. Tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniuliza:

"Na weye ulikuwa wapi? Nilitafuta mpaka macho inachoka."

"Nilikuwa nyuma ya piano, nkambo."

Akarekebisha kitambaa kichwani. "Njo maana. Ile piano ilikuwa inalia na sauti ya bantu ya kwetu." Halafu akanivuta sikio. "Siku moja utaniimbia yote. Vipande vipande hainishibishe."

Sikumwimbia. Niliona haya. Baadaye papa, anayefanya kazi ya treni, akahamishiwa Bukama, tukaenda wote. Bukama kuna mto, kuna samaki, kuna shule ambayo si mbaya, lakini hakuna anayeningojea katikati ya wimbo. Miaka hii yote, kila nikishindwa kusema mbele ya watu, nilijiambia: si kitu, kule Kamina mahali pangu papo.

Basi posho hii, nyuma ya shule, walikuwa wanapiga wimbo wetu wa ile sikukuu. Mdomo ukafunguka, nikatoa sol yangu. Na piano ikatoa yake. Safi, nzima, bila tok. Tukagongana.

Msichana mmoja wa sare akatoa kichwa dirishani, akaniita kama mkubwa wake: "Yaya, unatafuta nani?"

"Hapana. Minyi nilikuwa sol hapa."

"Ulikuwa nani?" Akawageukia wenzake. "Anasema alikuwa sol!" Kicheko kikajaa chumba, si cha ubaya. "Yaya, sol haiko muntu. Iko huku, sikiliza." Akaibonyeza, akaibonyeza tena.

Nikamuuliza prof wa muziki yuko wapi. Amestaafu, amerudi kwao upande wa Mulongo. Na makopo ya petroli? Msichana hajawahi kuyaona. Beseni sikuthubutu hata kulitaja.

Unaona? Piano imepona, na mimi nikatembea mpaka kwa nkambo nikilia kama mtu aliyefiwa. Nani analilia mchwa? Lakini hakuna tena mtoto atakayekaa pale gizani akisikia nyundo zinakuja kwake. Wenye haya wa sasa, sijui wanawekwa wapi.

Asubuhi yake, kabla ya misa, matawi ya mchikichi yakiwa yameegemea mlango, nkambo alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya samaki wangu. Mimi nilikuwa nachagua majani.

"Umefika kimya, umelala kimya," akasema. "Ile piano yenu ingali inalia?"

"Inalia, nkambo. Waliitengeneza."

"Aa! Basi weye umebaki bila kazi." Akacheka, mchi juu.

Nikaweka majani chini. Nikaanza ule wimbo tangu mwanzo, sauti ya mbu, macho kwenye miguu yake. Hakuacha kutwanga, hakunitazama. Nilipofika pale katikati, mchi ukaanguka kinuni: tok. Nikaweka sol yangu juu yake, nikaendelea mpaka mwisho.