Nilivyombana Zaituni Mbele ya Jopo

Mimi ni mwalimu wa biashara hapa Mocímboa da Praia, na tafiti za wanafunzi nazisimamia kitaalamu kabisa: wananitumia sura kwa simu, nawajibu "safi, endelea," kisha narudi kwenye chai yangu. Nikizisoma wataona siwaamini.

Juzi niliitwa kwenye jopo la kutetea monografia, yaani tafiti za kuhitimu chuo. Nilichelewa, nikakuta binti mmoja, Zaituni, keshaanza kueleza biashara ya kinamama wanaokausha samaki bandarini. Sikumtambua. Mkurugenzi mpya wa chuo, aliyeletwa kutoka Maputo, alikuwa ameketi mbele, nikaona leo ndiyo siku ya yeye kunijua.

"Umehoji wanawake wanne tu, na wote, umesema mwenyewe, ni shangazi zako," nilimwambia binti. "Huu ni utafiti au harusi?"

Watu walicheka. Nikanogewa.

"Nani huyo msimamizi aliyekuruhusu? Mtaje tumjue."

Zaituni aliinamisha macho. "Nisamehe, mwalimu. Ni wewe."

Kicheko kilikatika. Mkurugenzi akanigeukia taratibu.

"Keti, binti," alisema. "Habari za hao shangazi, mwalimu atatueleza yeye."