Kuku Mwekundu na Kichwa cha Drili

Mwanangu, weka nyundo chini kwanza. Kichwa cha drili hakitoki kwa hasira, na leo hasira unazo, nakuona. Kaa hapa. Nakumbuka siku moja, nikiwa kijana wa Mikumi mwenye mdomo mrefu kuliko msumeno wake, drili kama hiyo nusura initie aibu ukweni.

Nilikuwa nimemchumbia Mwanaidi, mama yenu huyu anayetucheka huko jikoni. Kwao ni Kilosa mjini. Baba yake hakunitaka sana, alisema mafundi wa Mikumi ni maneno tu. Nikajitapa kwamba mlango mpya wa nyumba yake nitautia mwenyewe, na wazee wangu wakija Ijumaa alasiri kupanga harusi, wataingilia mlango huo.

"Ukishindwa," akasema, "wazee wako na warudi walikotoka."

Alisema anacheka, lakini macho hayakucheka.

Ijumaa asubuhi, nimetoboa tundu mbili tu, meno ya kichwa cha drili, yale yanayoshika keekee, ncha ya kutobolea, yakagoma. Yamebaki wazi, hayafungi. Sikuogopa, maana kichwa kipya nilikuwa nacho mfukoni. Kazi ilikuwa kukitoa cha zamani. Chungulia humo ndani ya mdomo wake, kuna skrubu, unaiona? Nikaitia bisibisi, nikaizungusha kushoto kama tunavyofungua skrubu zote. Wapi! Nikaongeza nguvu, ndiyo kwanza inakaza. Shati limelowa, adhana imekaribia, nami naguna tu. Fundi baiskeli alikuwa nyumba ya pili. Kumwuliza? Thubutu! Baba mkwe asije akasikia.

Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele, amenipa mgongo. Unaijua heshima ya ukweni: baada ya shikamoo na marahaba hatukuwa na maneno mengine. Mara nikamsikia anamsemesha kuku wake mwekundu aliyekuwa akidonoa punje.

"We kuku, watu wa siku hizi hawajui baiskeli? Mimi nimekulia kijijini Ulaya, hapa hapa Kilosa, mahindi nimeyapeleka gulioni kwa baiskeli. Pedeli ya kushoto inafunguka kwa kuzungushwa kulia. Ukiilazimisha kushoto, unaikaza. Lakini wewe kuku utamwuliza nani, na majivuno yote hayo?"

Loo! Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huohuo kicheko kinanibana. Nikazungusha kulia, skrubu hiyooo, ikatoka. Imechongwa kinyume ili drili ikizunguka kinyumenyume kichwa kisifunguke. Kichwa chenyewe nikakibana kwa spana ya bomba, nikaigonga spana kwa nyundo, safari hii kushoto, kikaachia.

Kumshukuru mama mkwe uso kwa uso kungekuwa utovu wa adabu. Nikasema, "Ahsante sana, kuku. Mungu akuzidishie." Nyuma ya pazia Mwanaidi akacheka mpaka akapaliwa.

Alasiri wazee wakaingilia mlango mpya. Baba mkwe akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. "Haya," akasema, "unafunga." Moyo wangu ukatulia. Akaamuru kuku mwekundu achinjwe kwa ajili ya wageni.

Mama mkwe akajibu kutoka ndani, "Huyo haguswi. Ndiye aliyetuletea mkwe."

Wazee wakatazamana. Akachinjwa jogoo, na yule mwekundu alizeeka pale pale uani kwao. Mama yenu naye hadi leo akitaka kunisema, humwita kuku kwanza, hata kama kuku hayupo.

Basi sikia, mwanangu. Chomoa waya kwanza, kisha ndipo ushike bisibisi. Skrubu ya ndani kulia, kichwa kushoto. Na kitu kikikukatalia mara ya pili, acha kuongeza nguvu, uliza. Mwulize jirani, mwulize mama anayechambua mchele. Mimi ilibaki kidogo tu nimkose mke kwa kuona haya kwenda nyumba ya pili, na mwanamke aliyeniokoa ilibidi apitie kwa kuku kwa sababu mimi sikufungua mdomo. Mungu akulindie mikono yako, akupe kazi isiyokauka na wakwe wenye huruma kama wangu. Haya, simama, shika bisibisi.

Kulia, mwanangu, kulia!